Rubani Ajuaye Kurudi

Vijana wa milima ya Karuba, katika Masisi, wamekua wakitazama eropleni zikipita juu ya malisho ya ng'ombe, na wengine hutamani kuziendesha. Tamaa hiyo ni njema, nasi hatutaki kuizima. Twapenda tu kuwaonyesha kazi hii yadai nini.

Kwa kanuni za mataifa, atakaye cheti cha rubani wa binafsi hana budi kutimiza miaka 17, kupimwa na mganga, kushinda mitihani, na kuruka saa 40. Ama 35, ikiwa amesoma katika chuo chenye kibali. Katika saa hizo, 10 huruka peke yake, na safari yake moja iwe ya kilomita 270 au zaidi. Vyuo havikosi: Soroti, katika Uganda, kiko kimoja kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki, tena ziko shule katika kiwanja cha Wilson, Nairobi.

Walakini cheti peke yake hakimfundishi mtu milima. Kadiri tupandavyo, hewa huwa nyepesi. Na joto huizidishia wepesi. Kiwanja cha Goma kiko mita zipatazo 1,530 juu ya bahari. Siku ya joto la nyuzi 25, eropleni hapo huruka kana kwamba iko kwenye mita 2,250. Mabawa hukosa hewa nzito ya kuyainua, na injini hupungukiwa nguvu. Basi eropleni hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, tena hupanda polepole, na mlima uko mbele yake.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye akili hupima uzito wa abiria, mizigo na petroli, kisha husoma majedwali ya eropleni yake kabla ya kila safari. Huondoka asubuhi, hewa ingali baridi na mawingu hayajafunika mabonde. Bondeni hufuata upande mmoja, ili apate nafasi ya kugeuka; wala haingii mahali asipoweza kugeuka. Kilele hukiendea kwa mshazari, ili aweze kukiepa upesi.

Haya si mambo madogo. Tarehe 15 Aprili 2008, eropleni kubwa ilipita mwisho wa kiwanja cha Goma, ikaingia katika mtaa wa Birere. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria, bali watu waliokuwa katika shughuli zao. Tarehe 24 Novemba 2019, nyingine ndogo ilianguka juu ya nyumba za Mapendo mara baada ya kuruka. Ajali huwa na sababu nyingi, nasi hatuwahukumu marehemu. Lakini ni wazi kwamba rubani hubeba pia maisha ya wale walio chini yake, ambao hawakukata tikiti.

Huko pwani, jina la rubani lilikuwa la mtu aongozaye chombo kati ya miamba. Yeye hakusifiwa kwa kuikaribia miamba, bali kwa kufikisha watu salama.

Nanyi wazazi, mwana wenu akiwaambia kwamba leo amegeuza njia kwa sababu ya mawingu, msimcheke. Mwandalieni chakula, kesho ataruka tena.