Kipokezi Kisichozimika

Mgonjwa wa saratani atokaye Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, akivimba mguu mmoja ghafula na kuumwa shavu la mguu, jamaa zake huenda wakadhani amezukiwa na maradhi mapya. Ilhali tabibu Mfaransa, Armand Trousseau, alikwisha kubainisha tangu mwaka 1865 kwamba saratani na kuganda kwa damu mishipani huandamana.

Uhusiano mmojawapo kati ya hayo mawili ulianza kudhihirika mwaka 1991, pale Shaun Coughlin na wenzake huko San Francisco walipokitambua kipokezi cha thrombini, kimeng'enya kigandishacho damu. Vipokezi vingi vya seli hungojea homoni ije ivigusе, kisha iondoke. Lakini hiki, kinachokiamsha kimo mwilini mwake chenyewe, kwani thrombini hukikata kiungo chake kilicho nje ya seli, na ncha mpya ikajipinda na kukigusa. Ni mithili ya barua iliyotiwa lakiri: muhuri ukisha kuvunjwa, haurudi.

Maadamu hakiwezi kurudishwa kama kilivyokuwa, seli yenye afya hukimeza na kukisaga baada ya kutoa habari yake. Amma katika baadhi ya seli za saratani ya matiti, usagaji huo huharibika, nacho kikaendelea kuichochea seli ihame na kupenya. Mwaka 2005 ilibainika pia kwamba kimeng'enya kivunjacho kolajeni, kitolewacho na seli zilizo jirani na uvimbe, nacho chaweza kukikata. Juu ya hayo, chembe sahani zilizoamshwa na thrombini huizunguka seli ya saratani isafiripo damuni, zikaisitiri na kinga ya mwili.

Lakini kipokezi hiki si adui mtupu. Protini C, ikisha kuamilishwa, hukikata mahali pengine, na habari itokayo huituliza mishipa. Na mwaka 2013 uchunguzi wa watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba vimelea vya malaria kali hung'ang'ania protini ileile isaidiayo uamilishaji huo, jambo liwezalo kuuzuia.

Kwa hiyo kukizuia chote hakukosi gharama: vorapaxar, dawa ya kukizuia iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa wagonjwa wa moyo, huzidisha hatari ya kuvuja damu, wala haikuidhinishwa kutibu saratani. Hadi ipatikane dawa ibaguayo mkato huu na ule, mguu uliovimba usikandwe, bali mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana damu iliyoganda ina tiba.