Kisigino Kinapopona, Jangwa Linasubiri

Ukishika barabara ya Nyeri kuelekea Nyahururu, kijani kinaanza kufifia kabla hujafika Mweiga. Mlima Kenya uko upande mmoja, Aberdare upande wa pili, na Kieni imekaa katikati kwenye kivuli cha mvua. Ardhi hapa hukauka mapema kuliko ya Tetu au Othaya. Ni vumbi, nyasi fupi na upepo, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900. Kwa mtu anayejiandaa kwa mbio za jangwani za siku kadhaa huku akiuguza kisigino, naona huu ni uwanja bora hata kuliko Iten, kwa sababu Mweiga hakuna kundi la vijana wenye kasi litakalompita kila alfajiri na kumtia kishawishi.

Mbio zenyewe ni za aina yake. Marathon des Sables ya Moroko, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Mfaransa Patrick Bauer, ni safari ya takriban kilomita 250 iliyogawanywa kwa awamu, na ile awamu ndefu hufikia kilomita 80 au zaidi. Mshiriki hubeba mgongoni chakula cha wiki nzima, kisichopungua kalori 2,000 kwa siku, pamoja na vifaa vyake vyote. Kwa miaka mingi maji yalitolewa kwa kipimo. Nyuma ya wote walitembea ngamia, na sheria ilikuwa moja: akikupita ngamia, umetoka mashindanoni. Kumbuka kwamba ngamia hao hawakukimbia. Walitembea. Karibu na nyumbani kuna mbio za For Rangers Ultra, takriban kilomita 230 kwa siku 5 katika hifadhi za kaskazini mwa Mlima Kenya, zinazochangisha pesa kwa ajili ya walinzi wa wanyamapori. Huko nako anayejua kutembea vizuri hufika.

Lakini mkimbiaji wetu amelelewa akiamini kwamba kutembea ni kushindwa. Wala simlaumu. Kwa kijana wa mbio za barabarani, mguu ndio shamba na ndio karo ya wadogo zake. Akisema anaumwa, nafasi ya kusafiri inamwendea mwingine, kwa hiyo ananyamaza, anajipaka dawa ya kuchua usiku, na alfajiri anarudi barabarani. Maumivu ya wiki mbili yanageuka ya miaka miwili. Inaniuma kuona vipaji vikiishia hivyo, kwa sababu kano ya kisigino inatibika.

Inatibika polepole tu. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, na kupumzika peke yake hutuliza maumivu bila kuiimarisha. Mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliokuwa wameteseka kwa muda mrefu. Zoezi lao lilikuwa rahisi: simama ukingoni mwa ngazi, shusha kisigino taratibu, mara 15 kwa seti 3, kwanza goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Lilikuwa kundi dogo, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hata kunyanyua vyuma vizito polepole hufanya kazi hiyohiyo. Jambo la msingi halijabadilika: kano huponywa kwa mzigo uliopimwa. Ngazi ya baraza ya duka lolote Mweiga inatosha, na kisigino kikizoea, pakiti ya unga ya kilo 2 ndani ya begi inaongeza uzito. Lakini kama kisigino kililia ghafla kama kilichokatika, au maumivu yako kwenye mfupa, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, acha ngazi uende hospitali.

Baada ya hapo ni kutembea na mzigo. Anza upande wa Solio, kwenye tambarare. Njia za kupanda kuelekea Endarasha ziache kwanza, maana mlima huivuta kano kuliko tambarare, na mchanga wa jangwani, kisigino kinapozama, huivuta vilevile. Mlima utakuwa mazoezi ya mchanga, lakini wakati wake uje. Uchungu mdogo wakati wa zoezi si hatari. Kipimo ni asubuhi inayofuata: kisigino kikiamka kigumu kuliko jana, punguza.

Linalokosekana Mweiga ni joto. Mwezi wa Julai mtu huvaa sweta hadi saa nne. Mwili huhitaji takriban wiki moja hadi mbili kulizoea joto: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na kupoteza chumvi kidogo. Mwenye nauli atateremka Isiolo kupitia Nanyuki na Timau, akae huko siku za mwisho kabla ya safari. Asiye nayo ana njia nyingine. Watafiti wa Bangor, Wales, walionyesha mwaka 2016 kwamba kukaa kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika hadi 40 baada ya mazoezi, siku 6 mfululizo, kunausaidia mwili kustahimili joto. Kwa anayeuguza mguu hii ni neema, kwani mwili unafanya kazi ilhali kisigino kimepumzika. Asifanye akiwa peke yake, na ainuke polepole, kizunguzungu kisimwangushe.

Nyeri inajua ushindi wa namna hii, wa subira kwenye joto. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004 kwenye joto lililomtoa mpinzani wake Paula Radcliffe njiani. Aliwaacha wenzake watangulie, kisha akawafikia mmoja mmoja hadi akabaki sekunde 12 tu nyuma ya mshindi, Mizuki Noguchi, na kupata medali ya fedha. Mwaka 2007 alitwaa ubingwa wa dunia Osaka, kwenye joto tena. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 36, alipata medali nyingine ya fedha ya Olimpiki huko Beijing.

Kinachowazuia wenzake wa leo wasiende jangwani ni gharama. Ada ya mbio kubwa za jangwani hufikia maelfu ya dola, na zawadi haikaribii ya marathoni za mijini. Ndiyo maana ningependa wafadhili wa huku waanze na walinzi wa hifadhi zetu. Wamezoea kutembea kutwa nzima juani na mzigo mgongoni, na huenda wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba huo ni mchezo wanaoweza kushinda.