Lori la tani 56 na hesabu ya kani

Igawa, kwenye barabara kuu ya TANZAM, malori ya Zambia na Kongo hupita tambarare ya Usangu kwa mwendo usiobadilika. Wengi husema yanakwenda kwa sababu injini imezishinda kani zinazoyapinga. Sivyo. Ingezishinda, mwendo ungezidi kuongezeka. Lori lililotulia kwenye kilomita 60 kwa saa husukumwa mbele kwa kiasi kilekile ambacho upepo na matairi huliburuta nyuma. Jumla ni sifuri, nalo linakwenda. Newton alilieleza hilo mwaka 1687, na bado linawasumbua wanafunzi.

Kitonga, mkoani Iringa, au mteremko wa Inyala ukitokea Mbeya, mambo hubadilika. Uzito unavuta chini vilevile, ila kwa kuwa barabara imeinama, sehemu yake hukandamiza lami na sehemu huvuta lori kufuata mteremko. Chukulia barabara inayoshuka mita 8 kila mita 100. Lori la tani 56, ambao ndio ukomo wa kisheria Afrika Mashariki, huvutwa kwa kani sawa na uzito wa karibu tani nne na nusu. Matairi na upepo kwa pamoja havizuii hata tani moja. Iliyobaki ni kazi ya injini na breki.

Madereva hubishana: likiachwa huru, lipi hukimbia zaidi, tupu au lenye shehena? Karibu sawa, kwani shehena huongeza mvuto na kwa kiasi hichohicho huongeza ugumu wa kubadili mwendo. Tofauti iko kwenye joto. Kulishusha lori hilo la tani 56 kwa kilomita 40 kwa saa huzalisha zaidi ya kilowati 400 za joto. Kwa kilomita 20, nusu yake. Breki zikibebeshwa joto hilo peke yazo, ngoma huungua, tingo husikia harufu, na msuguano hupungua pale unapohitajika zaidi. Ndiyo maana gia nzito huingizwa kabla ya kuanza kushuka. Anayetia frii ili aokoe dizeli amejinyang'anya kani ya injini mwenyewe.

Kona nayo hudai kani ya ubavuni, na kani zinazokutana kwa pembe mraba hazijumlishwi kama shilingi. Breki ikidai 3 na kona ikidai 4, tairi hudaiwa 5, wala si 7. Lami iliyolowa ikimudu nne na nusu tu, breki pekee ingewezekana, kona pekee pia. Zikija pamoja, matairi huteleza na trela huanza kujikunja kuelekea kichwa cha lori.