Babu wa babu yako alikuwa mpagazi wa vita? Hivi ndivyo unavyoweza kumtafuta

Ukisikia Kariakoo unawaza foleni, mizigo na bei za jumla. Lakini jina lenyewe ni la kijeshi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lililopita kwenye ndimi zetu likatoka hivyo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi waliwekwa kambi pale. Nairobi nako jina hilohilo likawa Kariokor.

Wengi wao hawakujitolea. Sheria ya mwaka 1915 katika Kenya ya leo iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa lazima, na machifu wakatakiwa kuleta idadi. Mwaka 1917 msako ukazidi. Wajerumani nao walikuwa wanakusanya watu vijijini kwa nguvu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hamna, basi mzigo ukaenda kichwani.

Wanahistoria wanakadiria wapagazi wa upande wa Uingereza pekee walifika kama milioni 1, na waliokufa ni karibu 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara damu, malaria na nimonia. Hata unga wa mahindi ulioiva nusunusu ulichangia, hasa kwa watu waliozoea vyakula vingine.

Unaanzia wapi?

Nyumbani. Usimuulize bibi "mwaka gani?", maana hapo utakwama. Muulize ni njaa ipi, rika lipi, chifu alikuwa nani, na nani kwenye ukoo aliondoka hakurudi.

Kama kuna medali, iangalie ukingoni. Za Vita vya Kwanza vya Dunia zilichongwa namba, jina na kikosi. Za Uingereza za vita vya pili kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo usivunjike moyo ukikuta ukingo mtupu.

Kisha ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Kutafuta ni bure, hata kwa simu. Jaribu tahajia nyingi, Rashid na Rashidi, Hamis na Khamis, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia. Humo wamo waliofariki tu. Aliyerudi salama mtafute kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar, ingawa ripoti za wilaya mara nyingi zinataja idadi ya watu kuliko majina yao. Ndiyo maana jina la chifu ni muhimu.

Na usipomwona?

Haina maana kwamba hakwenda. Ripoti ya CWGC ya mwaka 2021 ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jina la babu yako linaweza kuwa miongoni mwa hayo.

Orodha bado inakua. Miaka ya karibuni nyaraka za kijeshi zilizokuwa zimesahaulika nchini Kenya zimetoa majina zaidi ya 3,000. Kwa hiyo ukikosa leo, rudi tena baada ya miezi kadhaa.

Na ile medali usiisugue ing'ae. Maandishi ya ukingoni yakifutika, huenda ndiyo yalikuwa rekodi pekee mliyobaki nayo. Ipige picha pande zote kwanza.