Mkoloni na Sura ya Uhuru Wetu

Kila tunapofika kwenye somo la kupigania Uhuru katika madarasa ya siasa, huzuka mabishano ya aina mbili. Wako wanaosema Mwingereza alitupa Uhuru kwa hiari yake, kwa kuwa Tanganyika haikumwaga damu kama Kenya au Algeria. Na wako wanaosema mkoloni hakuwa na neno katika jambo lile: TANU ilidai, naye akafunga virago. Mawazo yote mawili yana kasoro. La kwanza linawanyang'anya wananchi ushindi wao. La pili linatufumba macho tusione yale ambayo mkoloni aliyaacha ndani ya nyumba yetu. Shabaha ya makala hii ni kueleza jinsi fikra na viongozi wa kikoloni walivyochangia sura ya Uhuru wa Tanganyika, na jinsi wananchi walivyozigeuza baadhi ya fikra hizo kuwa silaha yao.

Udhamini

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Uingereza ilikabidhiwa nchi hii kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Fikra ya udhamini ilikuwa fikra ya mabeberu wenyewe: kwamba Mwafrika ni mtoto, na Mzungu ni mlezi wake. Lakini mlezi anaweza kuulizwa hesabu ya malezi yake. Hapo ndipo palipokuwa na ufa.

Wa kwanza kuutumia ufa huo walikuwa wakulima. Mwaka 1951 serikali iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 huko Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wachache. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudi siku ile, lakini wananchi walitambua kuwa juu ya Gavana palikuwa na baraza jingine. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulitamka kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Serikali ya Gavana Edward Twining ilichukia. Machi 1955, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Neno la mkoloni la kuchelewesha likawa neno la wananchi la kudai.

Siasa ya kura tatu

Twining alikuwa na fikra nyingine, ya serikali ya mseto wa rangi. Kuanzia mwaka 1955, viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa sawa: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Kwa hesabu hiyo Wazungu wapatao 20,000 walilinganishwa na Waafrika zaidi ya milioni 8. Mwaka 1956 kikaundwa chama cha UTP kuitetea siasa hiyo, nacho kilipata baraka za Gavana.

Uchaguzi ulipokaribia, mpiga kura alitakiwa kutimiza masharti ya kipato, elimu au cheo, kisha apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Wanachama wengi wa TANU walitaka uchaguzi ususiwe, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mkutano Mkuu wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa na mgogoro mkubwa. Mwalimu alijenga hoja kwamba kususa kungewaachia UTP uwanja mtupu, nao wangejidai kuwa ndio sauti ya nchi. Mkutano ukakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha chama chake.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mgombea wa Kizungu au wa Kiasia alihitaji kura za Waafrika, na kura hizo zilifuata maelekezo ya TANU. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na UTP ikafa. Funzo kwa kada ni hili: msimamo wa lengo si sawa na ukaidi wa njia.

Kwa nini Mwingereza aliharakisha

Januari 1959, wakubwa wa kikoloni walipokutana Uingereza, bado walifikiria Uhuru wa Tanganyika kwenye mwaka 1970. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Hatuwezi kueleza tofauti hiyo kwa wema wa mtu. Gavana Richard Turnbull, aliyemrithi Twining mwaka 1958, alitoka Kenya, ambako aliona gharama ya kupigana na Mau Mau. Alijua hana askari wa kutosha kuitawala kwa nguvu nchi kubwa iliyokwisha kuungana. Faida nayo ilikuwa ndogo: mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulikufa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mkoloni alipima, akaondoka. Kipimo chenyewe kiliwekwa na wananchi.

Tuliyoyarithi

Hata hivyo, kuondoka kwa mkoloni hakukuwa kuondoka kwa vyombo vyake. Jeshi lilibaki lile lile la KAR kwa jina jipya, na maofisa wengi wa Kiingereza; Januari 1964 askari waliasi wakidai mishahara na vyeo, na serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Baada ya hapo likaundwa jeshi jipya. Utawala wa machifu, ambao Gavana Donald Cameron aliutia nguvu mwaka 1926 ili kutawala kwa mkono wa wenyeji, ulifutwa mwaka 1963. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi yote mikononi mwa Gavana, haikutupwa: msingi wake, kwamba ardhi ni ya umma chini ya dola, ulitumika kujenga Ujamaa, na umeendelea katika sheria mpya za mwaka 1999.

Kwa hiyo urithi wa kikoloni haukuwa wa aina moja. Mwingine ulivunjwa, mwingine ukageuzwa ukahudumia umma. Uko na wa tatu, ambao ni wa hatari zaidi kwa kuwa hauonekani: tabia ya Bwana Shauri. Yeye aliwaita watu kwa amri, hakuwauliza, na aliyebisha alimweka ndani. Leo sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kumweka mtu kizuizini kwa saa 48, kwa masharti maalumu. Kiongozi anayeutumia uwezo huo kumnyamazisha mwanakijiji aliyeuliza mapato na matumizi, amevaa kofia ya Bwana Shauri hata kama shati lake ni la kijani.

Wameru wa mwaka 1952 walidai hesabu kwa mdhamini wao. Uongozi nao ni dhamana, na dhamana lazima itolewe hesabu. Kada atakayekwenda kijijini akakasirishwa na swali la mwananchi, basi na ajiulize kwanza anamrithi nani: Kirilo Japhet au Twining.