Kuandika namba kwa sauti: bure, kwa kulipia, au kwa kidole?

Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, anayeandikisha wakulima wa pamba huku Nyambureti, wilayani Serengeti, akiwa na simu janja anaweza kuacha kubonyeza na kuongea tu. Google iliingiza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, na kwa taarifa ya kikao au ujumbe kwa mwenyekiti inafaa kabisa. Shida inaanza akifika kwenye namba na herufi mojamoja, pale ambapo kosa lina bei.

Programu hizi husikiliza huku zikikisia neno kwa kuangalia maneno jirani. Ukisema mvua, "imenyesha" inatarajiwa. Kwenye namba ya simu, saba haidokezi lolote kuhusu tarakimu inayofuata. Nne na nane zikitamkwa haraka karibu na mashine ya kusaga, hakuna jirani wa kuzitenganisha. Halafu yapo mazoea yetu: mmoja akisema "sifuri tatu" anataka 000, mwingine anataka 03. Wakala wa pesa atakuuliza, "Sifuri ziwe tatu, au sifuri halafu tatu?" Simu haiulizi, inaandika.

Herufi zina mtego wake. Namba za pikipiki tunazisoma kwa Kiingereza, na E ya Kiingereza inasikika kama I yetu. Kibodi ikiwa kwenye Kiswahili, ina haki ya kuandika I. Ukijaribu kuisaidia kwa "M ya Musoma", huenda ikaandika maneno yote matatu. Na majina ya huku, Bhoke na Ghati, yana h ambayo programu iliyozoea Kiswahili cha kawaida inaweza kuiacha, wakati jina kwenye fomu linatakiwa lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi.

Sasa bei. Kibodi ya Google ni bure, unalipia bando. Hata sauti isiyobanwa, kwa sampuli 16,000 kwa sekunde, haifiki MB 2 kwa dakika, na ikibanwa inashuka sana. Bando si hoja. Hoja ni mtandao kuyumba katikati ya namba.

Mwenye laptop anaweza kupakua Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo OpenAI iliitoa bure mwaka 2022 na inafanya kazi bila intaneti. Toleo dogo kabisa ni kama MB 75, kubwa linakaribia GB 3 na linataka kompyuta yenye nguvu. Ijulikane tu kwamba katika saa 680,000 za sauti zilizoifundisha, karibu theluthi mbili ni Kiingereza. Ukitaka OpenAI wakufanyie kazi hiyo kwenye kompyuta zao, bei waliyotangaza mwaka 2023 ni dola 0.006 kwa dakika. Dola ikiwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 15. Ni rahisi, lakini hulipii umakini zaidi kwenye tarakimu.

Dragon, programu ya kulipia, ndiyo yenye kile tunachokikosa: amri ya kuiambia "sasa ni namba tupu" na nyingine ya "sasa ni herufi". Toleo lake la kitaalamu limeuzwa kwa mamia ya dola, na Kiswahili haikijui. Kwa ofisi ya huku sioni sababu ya kuinunua.

Ushauri wangu ni kupima kosa kabla ya kupima programu. Tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20, na ukikosea moja mita inaikataa. Umepoteza muda tu. Hata hivyo, usiisome kwa sauti, mtumie mwenye mita ujumbe wenyewe kama ulivyoingia. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nayo ina tarakimu 20, ila nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kipande hicho unaweza kukikagua papo hapo. Namba ya simu ya kutumia pesa haina kinga hiyo. Tarakimu moja ikipotea njia, namba inaweza kuwa ya mtu mwingine, na kinachobaki kukuokoa ni kusoma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Namba hiyo ya simu iandike kwa kidole. Kama ipo kwenye karatasi, ipige picha kwa Google Lens unakili tarakimu; nayo ni bure. Bhoke na Ghati waingize mara moja kwenye kamusi binafsi ya kibodi, kila mmoja na kifupi chake.

Yupo asiyeweza kutumia vidole, na huyo asiambiwe arudi kwenye kibodi. Atamke tarakimu mojamoja, tatutatu kisha anyamaze kidogo, asitumie makumi, halafu TalkBack, iliyomo kwenye simu nyingi za Android bila malipo, imsomee kilichoandikwa kabla hajatuma. Asome akiwa faraghani. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, lakini sheria haimzuii aliye kwenye foleni kusikia namba yako ya NIDA.