Habari za kijiji ziko ubaoni

Likitajwa jina la Uingereza, sisi watu wa mjini fikra zetu hukimbilia London: Bunge, mto Thames, timu za mpira na maduka makubwa. Juma hili naomba tutoke nje ya mji. Nataka tuzungumzie kijiji kidogo cha Kiingereza, jinsi kinavyojiendesha na jinsi watu wake wanavyopata habari zao. Somo hilo mimi mwenyewe nililipata nikiwa nimesimama kituoni muda wa saa mbili, nikingoja basi lisilokuja.

Ilikuwa mwaka 2015. Nilikwenda huko kwa mafunzo mafupi ya utangazaji, na yalipokwisha nikaalikwa kukaa siku kumi kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, katika kijiji kimoja cha Suffolk, mashariki ya nchi. Nyumba mia moja na ushei, kanisa la mawe la zama za kale, baa moja, na duka moja lenye dirisha la posta ndani yake. Siku ya pili nikasema niende mjini. Nikavaa koti, nikaenda kituoni. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake akanisalimu, akatazama anga, akazungumza habari ya mvua kama ilivyo desturi yao, kisha akanionyesha kwa fimbo ubao wa matangazo uliokuwa ng'ambo ya barabara. Kumbe basi lilikuja Jumanne na Ijumaa tu, na siku ile ilikuwa Jumatano. Mimi na stashahada yangu ya uandishi wa habari nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwenye gazeti la kijiji kizima, wala sikulisoma.

Nikavuka barabara nikausoma ubao wote. Palikuwa na ratiba ya ibada, maana siku hizi kasisi mmoja huhudumia vijiji kadhaa na kila kanisa hungoja zamu yake. Palikuwa na tangazo la paka aliyepotea, mwenye doa jeupe mguuni. Palikuwa na mkutano wa chama cha akina mama kiitwacho Women's Institute, chama ambacho wengi hudhani ni cha Kiingereza tangu asili, kumbe kilianzia Kanada mwaka 1897 na kikafika Uingereza mwaka 1915. Na katikati palibandikwa karatasi moja isiyo na mapambo: ajenda ya mkutano wa baraza la parokia. Sheria inataka ajenda hiyo itangazwe siku tatu kamili kabla ya mkutano, na ndiyo maana ubao ule una kufuli na kioo.

Hapa inafaa nieleze kidogo. Msikilizaji akisikia neno parokia atadhani nazungumza habari za kanisa. Zamani ilikuwa hivyo. Parokia ya kanisa ndiyo iliyotunza maskini na kusimamia njia za kijiji, na tangu mwaka 1538, enzi ya Mfalme Henry wa Nane, iliamriwa kuandika daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Lakini mwaka 1894 Bunge lilipitisha sheria iliyochukua mambo ya kiserikali kutoka mikononi mwa kanisa na kuyakabidhi kwa baraza linalochaguliwa na wanakijiji. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba sheria hiyo iliwaruhusu wanawake, walioolewa na wasioolewa, kupiga kura na kugombea katika mabaraza hayo. Kura ya Bunge ilibidi waingoje hadi mwaka 1918, tena si wote walioipata.

Leo Uingereza ina mabaraza ya namna hii yapatayo 10,000, ya vijiji na ya miji midogo. Wajumbe hawapungui watano, na kwa kawaida hawalipwi mshahara. Anayelipwa ni karani, mara nyingi kwa saa chache kwa juma. Madaraka yao ni madogo: makaburi, uwanja wa watoto, kibanda cha kungojea basi, vishamba vya kukodisha kwa wanaotaka kulima mboga. Fedha zao hutokana na nyongeza ndogo inayowekwa juu ya kodi ya nyumba, ambayo halmashauri kubwa huikusanya kwa niaba yao. Barabara si zao. Shule si yao. Mtu akiomba kibali cha kujenga nyumba, baraza huulizwa maoni tu. Uamuzi hufanyika kwingine. Aidha, kila mwaka kati ya tarehe 1 Machi na tarehe 1 Juni hufanyika mkutano wa wapiga kura wote wa parokia, na hapo kila mmoja ana haki ya kusema. Wanaoujua Mkutano Mkuu wa Kijiji wa kwetu Tanzania hawatapata taabu kuuelewa.

Jioni ya mkutano nilikwenda na mwenyeji wangu. Nilikuwa na mashine yangu ya kunasa sauti mfukoni na nikaona haya kuitoa. Karani akaniona nikisitasita, akaniambia niiweke mezani tu. Kumbe tangu mwaka 2014 kanuni zinamruhusu mtu yeyote kurekodi mikutano hiyo. Na haki ya wananchi na waandishi kuingia katika mikutano ya mabaraza ilitiwa nguvu na sheria ya mwaka 1960, iliyopelekwa Bungeni na mbunge mpya wakati huo. Jina lake Margaret Thatcher. Hotuba yake ya kwanza kabisa Bungeni ilikuwa ya kuutetea muswada huo. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya mama yule, nami ninayo yangu, lakini jioni ile nilikaa kwenye kiti nilichowekewa na sheria yake.

Walianza na nyasi za makaburini. Wakaja kwenye mashimo ya barabarani, ambayo hawana mamlaka nayo, kwa hiyo wakakubaliana kuandika barua nyingine. Wakaja kwenye kinyesi cha mbwa, na hapo, wapenzi wasikilizaji, sauti zilipanda kuliko katika mabunge niliyowahi kuyatangaza. Kisha wakajadili kibanda chekundu cha simu ambacho hakuna aliyekitumia tena. Tangu mwaka 2008 kampuni ya simu ya BT imekuwa ikiviachia vijiji vibanda hivyo kwa pauni moja tu. Vimegeuzwa maktaba za kubadilishana vitabu, na vingine vimewekewa mashine ya kushtua moyo uliosimama. Hilo la mashine likapita bila ubishi, kwa sababu gari la wagonjwa huchukua muda kufika kijijini.

Ajenda ya mwisho ilikuwa duka.

Mwenye duka na mkewe walikuwa wamezeeka na walitaka kuuza. Duka lile halikuwa na faida ya kumvuta mnunuzi. Mwenye gari hununua vitu vyake kwenye duka kubwa la mjini, na duka la kijiji hulikumbuka maziwa yanapokwisha. Lakini jengo lenyewe, likigeuzwa nyumba ya kuishi, lingepata bei nzuri, kwani wapo watu wa mjini wanaotafuta nyumba ya kijijini ya mapumziko. Kwa maneno mengine, jengo lilikuwa na thamani zaidi likiwa limefungwa kuliko likiwa wazi.

Mama mmoja mjane, mwenye umri uliozidi miaka themanini, alisimama akishika kiti cha mbele yake. Hakuwa na gari. Alisema kwamba anaweza kuletewa chakula na wanawe Jumamosi, hilo si tatizo. Bali siku nyingine zote mtu pekee anayezungumza naye ni yule wa dukani. Ukumbi ulinyamaza. Na lile basi la siku mbili lilikuwa limebaki uzi tu. Huduma za mabasi nje ya London ziliachiwa soko huria mwaka 1986, na njia zisizo na faida zimetegemea ruzuku ya halmashauri, ruzuku iliyopunguzwa sana baada ya mwaka 2010.

Karani akasoma sheria. Mwaka 2011 Bunge lilitoa nafasi kwa wanakijiji kuandikisha jengo kuwa mali yenye manufaa kwa jamii. Mwenye jengo akitaka kuuza, wao wana majuma sita ya kusema wanataka kununua, na wakisema, wanapata miezi sita kukusanya fedha. Lakini mwenye mali halazimishwi kuwauzia wao. Vijiji vingine vimefaulu kwa njia ya hisa: kila mtu ananunua hisa zake, na wazee wastaafu wanashika zamu nyuma ya kaunta bila malipo. Nyuso zilichangamka. Wakaunda kamati papo hapo.

Nilipotoka nikatambua kwamba hapakuwa na mwandishi mwingine ndani ya ukumbi ule. Magazeti mengi ya wilaya yamefungwa au yamepunguza watu. Tangu mwaka 2018 BBC imekuwa ikigharimia waandishi zaidi ya mia moja wa kufuatilia halmashauri, ila wengi wao huzifuata zile kubwa. Baraza la parokia husikika nje likigombana. Mnakumbuka Februari 2021, mkutano wa Handforth huko Cheshire, uliofanywa kwa video Desemba iliyotangulia, ulivyozagaa duniani baada ya Jackie Weaver, aliyekuwa akiuendesha, kumtoa mwenyekiti mwenyewe mkutanoni. Tulicheka sana. Ila ni watu wangapi waliocheka waliojua baraza lile lina kazi gani?

Mwenyeji wangu aliniandikia mwaka uliofuata. Fedha hazikutimia. Jengo lilinunuliwa na watu wa mjini, likawa nyumba, na dirisha la posta likazibwa. Kamati haikuvunjika, ilihamia ukumbini, ikawa inauza mkate, maziwa na mayai asubuhi mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa, ili ilingane na basi. Na yule mama mjane walimpa kiti na kisanduku cha fedha. Aliniambia kwamba foleni ni ndefu, kwa sababu hamruhusu mtu kuondoka kabla hajamweleza habari za nyumbani kwake.